Bi Harusi Ugenini: Kiangazi Chetu na Majirani wa Kanisani



Wengi wenu siku hizi ni maharusi mnaosubiri viza. Singo ishasuguliwa, hina na piko zishapakwa na zishafutika, mume yuko Muscat au Toronto au London, na suali lenu ni moja: nitakaa na nani huko? Mambo ya nguo za baridi, jiko la umeme na kadi ya benki tushayasema sana hapa. Hili la kukaa na nani tumelikwepa, kwa sababu jibu letu ni refu na lina kanisa ndani yake. Leo tunalisema.

Sisi ni ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, wa Unguja Mjini. Mdogo wetu aliolewa mwanzoni mwa Aprili 2018 na kijana anayefanya kazi kwenye ufugaji wa samaki aina ya samoni, kisiwa cha Lewis, kaskazini-magharibi ya Uskoti. Mkubwa, ambaye ni mjane na watoto wake wakubwa, alitumwa na mama amsindikize bi harusi na akae naye kiangazi chote. "Usirudi mpaka umuone ana mtu," mama alisema uwanja wa ndege. Hakukusudia mume, mume anaye. Alikusudia mwanamke wa kumgongea mlango usiku wa manane.

Tutasema "sisi" mpaka mwisho, hata pale alipokosea mmoja. Ndivyo tulivyokubaliana, na kila mmoja anajua lake.

Lewis ni kisiwa kama chetu kwa mambo mengi na si kama chetu kabisa kwa mengi mengine. Unapanda boti bandari ya Ullapool, unakwenda mwendo wa saa mbili na nusu na zaidi, unashuka mji wa Stornoway. Miti ni michache, upepo haulali, kondoo wanakatiza njia kama mbuzi wa Makunduchi. Wazee wanazungumza lugha yao, Kigaeli, na wanageukia Kiingereza wakikuona wewe, kama nasi tunavyomgeukia mgeni. Na wengi wa wenyeji ni Wakristo wa madhehebu ya Presbiteri. Hawa hawana askofu. Kanisa linaongozwa na mchungaji pamoja na wazee wanaochaguliwa na waumini. Mwaka 1843 kanisa la Uskoti liligawika, kwa sababu matajiri wenye ardhi walikuwa na haki ya kuwawekea watu mchungaji wamtakaye wao. Watu wengi wa visiwa hivi wakatoka wakaunda kanisa lao huru, na mpaka leo wameshikamana nalo kweli kweli. Ukiingia humo, walivyotuhadithia, hukuti sanamu wala picha. Makanisa mengi ya pale hayana hata kinanda.

Tulifika wakati wa kheri. Tarehe 11 Mei 2018 ulifunguliwa Stornoway msikiti wa kwanza wa visiwa vile, siku chache tu kabla ya Ramadhani. Waislamu wamekuwepo pale miaka mingi, familia za wafanyabiashara zenye asili ya Pakistan, na karibuni zilikuja familia za Wasyria. Kabla ya hapo walikuwa wakisali majumbani. Wale dada wa mjini walitupokea vizuri mno, Allah awalipe. Lakini nyumba yetu ilikuwa kijijini, mbali na mji, na bwana alikuwa anatoka alfajiri kwenda kwenye mabwawa ya baharini na kurudi jioni amechoka. Msikitini tulikwenda Ijumaa. Siku sita zilizobaki tulikuwa sisi, upepo na dirisha.

Ramadhani ile hatutaisahau. Jua linazama saa nne na nusu usiku, na likishazama mbingu haiingii giza. Inabaki kama saa kumi na mbili na robo ya kwetu. Saumu ilikuwa zaidi ya saa 18. Njaa haikuwa tabu, tuseme kweli, baridi inasaidia. Tabu ilikuwa kufuturu watu watatu. Hakuna sinia la kupeleka kwa jirani, hakuna mtoto anayekuja na bakuli lililofunikwa kawa. Bi harusi alikuwa anapika uji wa pilipili manga, anaangalia sufuria, machozi yanamtoka. Akiulizwa anasema ni pilipili.

Jirani wa karibu alikuwa bibi wa miaka themanini na kitu, ambaye hapa tutamwita Bi Mkubwa, kwani ndivyo tulivyomwita mbele yake mpaka akazoea kuitika. Yeye na kaka yake walikuwa na nyumba mbili ng'ambo ya uzio. Siku ya kwanza alituuliza tunatoka wapi. Tulipomwambia Zanzibar alifikiri kidogo akasema, "Livingstone." Alisomeshwa habari zake utotoni, akajua kuwa alianzia kwetu safari yake ya mwisho na kwamba maiti yake ilipitishiwa kwetu kurudishwa kwao. Tukamwambia nyumba aliyokaa tunaipita kwa daladala. Hilo lilimpendeza kuliko tulivyotegemea. Tokea hapo kila Jumatatu tulikuta mayai sita mlangoni, ndani ya boksi lililofungwa kwa uzi.

Sasa ndio tunafika kwenye kamba.

Idi mosi ilikuwa Ijumaa, tarehe 15 Juni. Ijumaa na Jumamosi ilikuwa mvua. Jumapili likatoka jua ambalo hatujaliona tangu kufika, na upepo mkavu. Sisi ni watoto wa Unguja. Jua kama lile haliachwi. Tukafua kila kilichomo nyumbani. Mashuka, taulo, kanzu ya bwana, na kanga zote za bi harusi, doti kwa doti, nyekundu, manjano na zile za kisutu. Tukazitundika kwenye kamba ya nyuma, ambayo inaelekea njia kuu. Zikajaa upepo kama matanga.

Saa sita kasorobo wakaanza kupita watu wakienda kanisani. Wanaume suti nyeusi, wanawake kofia na makoti, kitabu mkononi, watoto kimya. Hakuna aliyegeuza shingo. Hilo ndilo lililotujulisha kuwa wote wameona.

Jumatatu hapakuwa na mayai.

Jumanne tukapata habari dukani kutoka kwa binti mmoja anayeuza, mtoto mwenye huruma aliyetamani kutusaidia bila kutuaibisha. Pale Jumapili ni siku ya Mungu. Mwaka ule maduka mengi yalikuwa yanafungwa, basi lilikuwa halipiti, boti yenyewe ya kwenda Ullapool ilianza kusafiri Jumapili mwaka 2009 tu, na watu waligombana sana kabla yake. Na nguo hazianikwi. Hakuna sheria ya serikali inayokataza. Hazianikwi tu.

Tulirudi nyumbani tukagombana, sisi kwa sisi, ugomvi ambao hatujaugombana tangu utotoni. Mkubwa alisema: kwani wao watatupangia siku ya kufua? Sisi siku yetu ni Ijumaa, mbona hawafungi maduka yao Ijumaa? Nguo zetu, kamba yetu, kodi tumelipa. Na tusionewe kwa sababu ya mitandio yetu. Alisema mengi, na mengine yalikuwa ya kweli.

Mdogo akamuacha amalize. Kisha akasema, "Da Mkubwa, wale watalii wanaopita Mji Mkongwe mchana wa Ramadhani na vikaptula, chupa ya bia mkononi. Wewe huwa unasemaje?"

Kwa kweli tunajua sote anavyosema. Anavisema kwa sauti, barazani.

Palikuwa kimya mpaka Adhuhuri. Wenye chongo ukienda kwao unafumba jicho, hilo tunalo kwenye ndimi zetu toka tuko wadogo. Lakini sisi watu wa visiwani tumezoea kuwa wenye nyumba. Wageni ndio wanaokuja kwetu, nasi ndio tunaowataka wafumbe. Kuwa wewe ndiye mgeni mwenye macho mawili ni somo jengine, na halifundishwi na somo yeyote siku ya kukuweka ndani.

Jumatano tukachukua visheti vya Idi vilivyobaki, tukavuka uzio. Tulikuwa tumetayarisha maneno. Bi Mkubwa alitusikiliza, akasema, "Nyinyi hamkujua." Tukasema ndio, hatukujua, na tuliona mayai hayakuja tukaelewa kuwa tumemuudhi. Akashangaa. "Mayai? Kuku wawili wamelalia." Akamimina chai. Kisha, akiwa anaangalia kikombe, akasema polepole, "Lakini kamba niliiona."

Basi. Hakuongeza. Alikula visheti vitatu.

Tokea wiki ile Jumamosi jioni tulikuwa tunaanua kila kitu. Hatukuacha kufuata dini yetu kwa hilo wala hatukufuata yao. Tuliwasitiria siku yao, ni hivyo tu.

Mwezi wa saba kaka yake Bi Mkubwa akafa, mzee wa kanisa aliyekuwa akitupungia mkono kutoka kwenye trekta. Tukaulizana: tunakwenda, hatwendi? Bwana aliuliza mjini kwa wanaojua kuliko sisi, akaambiwa kumpa pole jirani na kumsaidia ni haki yake, ibada ndiyo ya kila mtu na yake. Tukenda.

Wapenzi, tulijiona tumeingia nyumba ya msiba ya Malindi. Viti vimeazimwa kijiji kizima. Milango wazi. Wanawake jikoni, mmoja anakata mikate, mmoja anaosha vikombe ambavyo haviishi, hakuna anayeuliza kitu kiko wapi. Sauti ziko chini. Kila jioni hadi siku ya mazishi watu walijaa ndani na nje. Mmoja wa wazee anasoma, anaomba, na inaimbwa zaburi. Hii zaburi tutaisema peke yake. Mtu mmoja anaanza mstari, peke yake, kwa sauti ya juu. Kisha wote wanaupokea, lakini si kwa pamoja kama kwaya. Kila mmoja anauchukua kwa mapindi yake, anauvuta, anauzungusha, na zile sauti zinapishana kama mawimbi yanayorudi ufukweni. Hakuna ala. Tulikuwa jikoni mlango umeegeshwa. Mdogo alinong'ona, "Kama kipokeo cha maulidi, lakini kimetiwa baharini." Hatukufahamu hata neno moja, na hatukuhitaji kuitikia. Tuliosha vikombe.

Siku ya maziko mwanamke mmoja alitueleza kuwa siku hizi kwengine wanawake wanafika makaburini, lakini pale kwao bado wanaofika ni wanaume. Tulicheka kidogo, akauliza kwa nini. Tulisimama na wanawake kwenye ukuta wa mawe. Jeneza lilibebwa kwa miguu. Wanaume walijipanga safu mbili, na kila hatua chache wanabadilishana, wa mbele anatoka, mwengine anaingia, ili kila mmoja apate zamu yake ya kubeba. Kaburi wanalifukia wenyewe. Mume wetu, yaani mume wa mdogo, alikuwemo kwenye safu, akapewa zamu kama wengine. Bi Mkubwa alimuona. Hakulia mbele za watu, lakini alituambia baadaye kuwa alihesabu wanaume 60 na yeye alikuwa mmoja wao.

Kule wanachoma udongo. Ni udongo mweusi wa kinamasi, wanauita mòine, unaokatwa vipande kama matofali mwishoni mwa baridi na mwanzo wa kiangazi, ukaachwa huko huko uwandani ukauke, kisha unasimamishwa vichungu vichungu na kubebwa nyumbani kuwa kuni za baridi. Wa Bi Mkubwa alikatiwa na kaka yake mwezi wa tano. Ulikuwa bado umelala uwandani. Jumamosi moja, bila ya mtu kutangaza, watu wa kanisani walikuja na magari na mikokoteni. Nasi tukaingia nyuma ya gari moja na mabuti ya kuazima.

Usubi wa Uskoti, wapenzi, muombeni Mungu awaepushe nao. Ni wadogo kuliko wa kwetu na wana hasira zaidi. Wanaingia mpaka chini ya ushungi. Wanawake walitucheka walivyotuona tunavyojipiga mashavu, kisha mmoja akaona kuwa mitandio yetu ikifungwa kininja inasaidia, na mpaka mchana watatu wao walikuwa wamejifunga skafu zao vile vile, macho tu. Tulipiga picha. Hatutaiweka hapa, wenyewe hatujawaomba ruhusa.

Wakati wa chai tulikaa na Bi Mkubwa kwenye majani, tukiielekea bahari. Mdogo alimuuliza, mazungumzo tu, kama anapenda kupanda boti. Alinyamaza muda. Kisha akatuhadithia.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1919 meli iitwayo Iolaire ilikuwa inawarudisha nyumbani wanamaji wa visiwa vile. Vita Kuu imekwisha, wametoka wazima, na nyumbani moto umekokwa na meza ziko tayari. Meli ikapanda mwamba mlangoni mwa bandari ya Stornoway, mahali ambapo taa za mji zinaonekana. Watu 201 walikufa. Mmoja aliogelea na kamba mpaka nchi kavu, na kwa kamba ile wapatao 40 wakaokoka. Ndugu wa baba yake Bi Mkubwa hakuwa katika hao. Yeye alizaliwa miaka mingi baadaye, na anasema katika utoto wake wote hakusikia jina la mtu yule wala la meli likitajwa ndani ya nyumba. Picha yake ilikuwa ukutani. Ulikuwa unajua usiulize.

Hatukuangaliana sisi wawili. Septemba 2011 meli iliyotoka Unguja kwenda Pemba ilizama usiku, mkondo wa Nungwi, na ndani yake alikuwemo mama yetu mdogo na vyombo vya harusi ya mwanawe. Yeye hakuonekana. Wengine walizikwa, wake ulikuwa msiba bila jeneza. Mama yetu tangu siku ile hapandi chombo cha baharini. Pemba kwao hajafika, na jina la ndugu yake analitaja kwenye dua tu. Sisi wenyewe hatujawahi kulizungumza baina yetu. Si siku moja. Tulilizungumza pale, kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga, kwa bibi wa Kikristo, huku tumefunikwa usubi.

Alitusikiliza mpaka mwisho. Akauliza jina lake. Tukamwambia. Akalirudia, vibaya, kisha akalirudia tena mpaka akaliweza.

Mwezi wa nane ilikuwa zamu ya kijiji chetu kwa msimu wa meza ya Bwana, yaani siku zao za kula mkate na divai kwa ibada. Wao hawafanyi kila wiki. Ni mara chache kwa mwaka, na zinakwenda siku tano, kuanzia Alhamisi mpaka Jumatatu. Alhamisi hiyo toka zamani ni siku ya kufunga na kutubia. (Mkubwa alikuwa na kadha ya Ramadhani, akafunga Alhamisi ile. Bi Mkubwa alipojua alimuangalia kwa heshima mpya, kisha akala biskuti.) Ijumaa kuna suali moja linaulizwa kanisani, kuhusu alama za muumini wa kweli, na wanaume wanasimama mmoja mmoja kulizungumza. Jumamosi ya kujitayarisha, Jumapili yenyewe, Jumatatu ya shukrani. Na kwa siku zote hizo waumini wa vijiji vyengine wanakuja, wanalala kwa watu, wanalishwa.

Bi Mkubwa amepokea wageni kwa zaidi ya miaka arubaini. Mwaka ule magoti yamekataa, kaka hayupo. Alikuwa anataka kusema kuwa hawezi. Mdogo akamwambia, "Bi Mkubwa, mikono iko minne hapa."

Tuliweka mipaka yetu mapema, na tunawashauri mfanye hivyo, kwa uso mkunjufu na mapema. Kanisani hatwendi. Nyama isiyochinjwa kwa sheria yetu hatuli, lakini samaki tunapika na kula pamoja. Sala zetu tutasali chumba cha juu. Yeye naye akaweka yake: Jumapili hapapikwi kipya, kila kitu kimalizwe Jumamosi, hata mbatata zimenywe. Tukapika. Siku mbili tulipika kama shughuli ya Donge. Supu za kwao, skonzi, samaki wa kuoka; na kwa upande wetu samaki wa nazi, nazi ya kopo, Mungu atusamehe, na maandazi ya iliki sufuria mbili. Meza ilikaliwa kwa zamu tatu. Maandazi yalikwisha zamu ya kwanza, na mchungaji mgeni, mtu mzito asiyecheka, alirudi jikoni mwenyewe kuuliza kama yamebaki.

Tusifiche, si yote yalikuwa matamu. Mgeni mmoja, mama wa makamo, alitukalia jikoni akatuuliza kwa nini tunakataa kuokoka, na kwa nini bi harusi mdogo hivi amefunikwa. Tulimjibu kuwa Nabii Isa tunamuamini na mama yake tunamtukuza, na kwamba kichwa chake yeye mwenyewe kina kofia. Akatoa kijitabu. Bi Mkubwa alikuwa mlangoni na fimbo yake. "Waache wanawake wafanye kazi," alimwambia, na yule mama akaondoka. Kisha Bi Mkubwa akakaa, akatuambia wazi kuwa hatotudanganya: yeye naye anatuombea kila usiku tuijue njia anayoijua yeye. Mkubwa akamjibu kuwa sisi nasi tunamuombea yeye hidaya, tena kila sala, kwa hiyo tumemzidi kwa hesabu. Alicheka mpaka akakohoa. Hatukugusia tena. Kila mmoja anajua mwenziwe amesimama wapi, na kwa maoni yetu hilo ni bora kuliko majirani wengi tuliokaa nao ambao dini yetu ni moja na hatujawahi kuambiana ukweli.

Jumapili kijiji chote kilikuwa kanisani. Tulisali Adhuhuri juu, dirisha limefunguliwa, na upepo ukaileta ile zaburi mpaka kwetu, tukangoja imalizike ndipo tukafunga sala.

Jumanne mkubwa akaondoka. Usiku kabla ya safari mama alipiga simu.

"Umemuona ana mtu?"

"Ana mtu, mama."

"Muislamu?"

Tukaeleza. Tulieleza kirefu, kanisa, kamba, maziko, udongo, na hatukujua kama anasikiliza au laini imekatika. Kisha akauliza, "Usiku wa manane akigongewa mlango anafungua?"

Tukamwambia kule milango haifungwi.

"Haya," alisema mama. "Njoo."

Tunaandika haya mmoja yuko Unguja na mwengine bado yuko Lewis, ana mimba ya miezi saba, alhamdulillah, tunaomba dua zenu. Bi Mkubwa anafuma. Mwezi wa pili kulifika kifurushi nyumbani kwetu, kimefungwa kwa ule ule uzi wa boksi la mayai: pea moja ya soksi za sufi, nene, rangi ya majani makavu, na karatasi yenye jina la mama yetu na jina la mama mdogo, yote mawili yameandikwa sawasawa. Soksi za sufi, Unguja, kaskazi haijesha. Mama aliziweka juu ya kabati mpaka masika. Usiku mmoja wa mvua alizivaa, akakaa nazo barazani, akasema zinawasha. Hakuzivua.